Ratae, Rhapta na Mwizi wa Vazi la Servandus

Roma ya kwanza kuijua mimi ilisema Kiswahili. Kaizari aliongea Kiswahili, wala njama waliomchoma visu walinong'onezana kwa Kiswahili, na umati wa mjini ulichochewa kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko cha diwani wetu. Ile ilikuwa tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, aliyoifanya huku nchi changa ikimsubiri mezani. Ilitoka 1963, naye hakuridhika, akaipitia upya, ikachapwa tena 1969 kwa jina la Juliasi Kaizari. Nakala yetu ya Tanga ilishavuliwa jalada zamani. Baba aliitunza kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya kiwanja na vyeti vyetu vya kuzaliwa, kwa sababu mchwa wa kwetu hawana adabu na karatasi.

Haikuwa nyumba ya vitabu. Kulikuwa na msahafu, vitabu vya shule vilivyorithiwa kutoka kaka hadi mdogo, na hicho kimoja. Kwa hiyo njaa yangu ya kusoma niliituliza kokote. Gazeti lililofungiwa karanga nililinyoosha magotini, nikasoma habari iliyochanika katikati na kujitungia mwisho wake. Nilisoma karatasi za dawa, kalenda za maduka, hata maandishi ya nyuma ya tiketi za basi. Bibi alilalamika kwamba mtoto huyu akikosa karatasi atasoma ukuta. Baadaye niligundua maktaba ya mjini, na ndani yake kabati la historia ya Ugiriki na Roma kwa Kiingereza, masalia ya enzi za mkoloni, ambalo hakuna aliyeligombea. Nililisoma lote kwa mpangilio wa lilivyopangwa, jambo ambalo siwashauri wengine. Nikajua orodha ya makaizari kabla sijajua orodha ya mikoa ya Tanzania.

Kisha maisha yakanifikisha Leicester, katikati ya Uingereza. Wengi nyumbani wanaujua mji huu kwa timu yake ya mpira iliyowashangaza watu 2016. Nilianza kwa kubeba maboksi kama wenzangu wengi, kwenye maghala ya pembezoni mwa mji, halafu nikahamia kazi ya kutunza wazee, zamu ya usiku. Zamu ya usiku ni neema kwa msomaji. Ikishapita saa nane, ukiwa umeshazunguka vyumba vyote na kugeuza wanaohitaji kugeuzwa, unabaki wewe, taa ya mezani na kitabu. Na vitabu hapa, kwenye maduka ya mitumba ya misaada, vinauzwa kama mchicha wa jioni. Nilijaza rafu, nikajaza chini ya kitanda, mke wangu akaanza kuuliza kama tunapanga kuhama.

Kijitabu kilichonigeuza kilikuwa chembamba, kimebanwa kwa pini mbili, picha zake nyeusi na nyeupe. Kilieleza kwamba chini ya katikati ya mji, chini ya maduka ninayonunulia soksi na kituo ninachosubiria basi, kuna mji wa Kirumi ulioitwa Ratae, makao ya kabila la Corieltauvi. Nilikuwa nimesoma habari za Roma kwa miaka mingi na sikujua. Yale mabuku makubwa ya makaizari yana kosa hilo: yanakupeleka Roma, Karthago na Misri, yakifika Uingereza yanakuonyesha ukuta wa Hadrian, basi. Miji kama Leicester inabaki kwa wale wanaoandika vijitabu vya pini mbili, walimu wastaafu na watu wa makumbusho, na siku hizi ndio waandishi ninaowatafuta kwanza. Kaizari ana watu wa kutosha wa kumwandika.

Nikaanza na ukuta, kama Bibi alivyotabiri. Unaitwa Jewry Wall, uko kando ya barabara kubwa yenye kelele, nyuma ya kanisa la Mtakatifu Nicholas. Una urefu wa mita 23, kimo cha karibu mita 9, unene mita 2 na nusu. Ni moja ya vipande vikubwa kabisa vya majengo ya kiraia ya Kirumi vilivyobaki vimesimama Uingereza. Ukiukaribia unaona ulivyojengwa: safu kadhaa za mawe, kisha mistari ya matofali mekundu bapa yaliyolala, kisha mawe tena, na chokaa nene katikati yake. Kuna matao mawili ya milango. Hapo palikuwa kiingilio cha hamamu la mji, lililojengwa katika karne ya 2, watu walikopita kwenda kuoga maji moto, kukandwa mafuta na kusengenyana. Sasa zunguka uende kwenye kanisa lenyewe, uinue macho kwenye madirisha yake madogo ya kale: matao yake yamepangwa kwa matofali yale yale bapa. Waliojenga kanisa waliyachukua palepale, hawakwenda mbali. Inawezekana kabisa ukuta umeokoka kwa sababu ulikuwa umeungana na kanisa la kale, na nyumba ya ibada haibomolewi hovyo.

Kisa cha uchimbuaji wake nakipenda kwa namna kilivyo na mzaha. Katika miaka ya 1930 halmashauri ilinunua eneo lile ili ijenge bwawa la kuogelea la umma. Kabla ya ujenzi, kuanzia 1936 hadi 1939, akaletwa mwanaakiolojia Kathleen Kenyon, ambaye baadaye angepata umaarufu kwa kuchimbua Yeriko. Akachimbua, yakatokea mabafu. Mji uliotaka kujenga pa kuogea ukakuta Warumi walishajenga pa kuogea palepale. Bwawa halikujengwa. Kenyon mwenyewe aliamini mwanzoni kwamba amepata uwanja wa baraza na soko, na kwamba mabafu yalikuja juu yake. Uchimbuaji wa baadaye ukaonyesha kwamba uwanja ule ulikuwa upande wa mashariki, mtaa wa pili. Baadaye, juu ya makumbusho yanayotazama magofu hayo, ilijengwa nyumba ya Chuo cha Vaughan, kilichoanzishwa 1862 kwa ajili ya kuwasomesha wafanyakazi. Yaani watu waliotoka viwandani jioni walikaa darasani na nje ya dirisha wakiona hamamu la Kirumi. Makumbusho yalifungwa muda mrefu kwa ukarabati, yakafunguliwa tena 2025, na sasa ni mazuri kiasi kwamba nilijikuta naudhika kidogo, maana nilishazoea kuwa peke yangu mle.

Nisije nikaonekana nimelewa sifa za Roma. Mimi ni mtoto wa nchi iliyotawaliwa, na hamamu silitazami kwa macho ya mtalii. Tacitus, Mrumi mwenyewe, mkwe wa gavana Agricola, aliandika kwamba Waingereza walivutwa kidogo kidogo na baraza zenye nguzo, mabafu na karamu, na kwa kutojua wakaviita ustaarabu vitu vilivyokuwa sehemu ya utumwa wao. Sijawahi kumsoma mwandishi wa kikoloni aliyesema wazi namna hiyo. Nikipita pale ukutani na wageni kutoka nyumbani, hayo huwa ndiyo ninayoanza kuwaambia, halafu ndipo tunapiga picha.

Barabara zina habari zaidi kuliko kuta. Fosse Way, barabara ya Kirumi kutoka Exeter hadi Lincoln, ilipita katikati ya Ratae. Ukiingia mjini kutokea kusini-magharibi kwa Narborough Road, unatembea juu ya mstari wake. Narborough Road ndiyo ile iliyotangazwa na watafiti wa London 2016 kuwa na wenye maduka waliozaliwa nchi zaidi ya 20. Hapo nanunua unga wa sembe, samaki wakavu na mihogo, na fundi wa simu yangu anatoka Kurdistan. Ukivuka mji ukaelekea kaskazini-mashariki kwa Belgrave Road, kwenye maduka ya dhahabu, sari na vitamu vya Kihindi, bado uko kwenye mwelekeo ule ule. Mbele zaidi, karibu na Thurmaston, mwaka 1771 lilipatikana jiwe la maili, nguzo nene ya mviringo iliyosimikwa wakati wa Hadrian, mnamo 119 au 120 BK. Limeorodhesha vyeo vya kaizari kwa kirefu, kisha likamaliza kwa habari ya maana kwa msafiri: kutoka Ratae, maili 2. Jiwe hilo lilisaidia kuthibitisha kwamba Leicester ndiyo Ratae. Lipo makumbusho, na herufi zake ukiziandama kwa macho unaweza kuzisoma hata kama Kilatini chako ni cha kuokoteza.

Belgrave Road kuna jambo jingine lililonishangaza nilipofika. Nilikuwa dukani natafuta dengu, nikawa nazungumza na mke wangu kwa Kiswahili juu ya bei, nadhani sikuzungumza kwa adabu sana, na mzee wa Kihindi nyuma ya mizani akanijibu kwa Kiswahili: "Bei hiyo hiyo bwana, hata Mwanza hupati." Alizaliwa Jinja. Mwaka 1972 Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke, halmashauri ya Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus la kuwaomba wasije huku. Walikuja kwa maelfu, pengine tangazo lenyewe ndilo lililowaonyesha mji upo. Wapo pia waliotoka Kampala, Mombasa, Kisumu na Dar es Salaam. Wazee wao wanakisema Kiswahili wasipotaka wajukuu waelewe. Yule mzee wa Jinja tumekuwa marafiki wa kaunta. Mimi namletea habari za Warumi, yeye ananipunguzia bei ya dengu, mara chache.

Sasa nifike kwenye ukurasa ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kuisoma kuhusu mji huu, ingawa una neno moja tu linalouhusu. Mnamo 150 BK hivi, Ptolemy wa Aleksandria aliandika jiografia ya dunia yote aliyoijua, orodha ya miji na vipimo vyake vya mahali. Katika kitabu cha pili, alipofika Uingereza, analitaja kabila la hapa na miji yake miwili: Lindum, ambayo ni Lincoln, na mmoja aliouandika Rhage, unaohesabiwa na wataalamu kuwa Ratae yetu. Endelea kufunua. Katika kitabu cha nne, akishuka pwani ya mashariki ya Afrika, anautaja mji mkuu ulio ndani kidogo kutoka baharini: Rhapta. Leicester na pwani ya kwetu, kazi moja, mtu mmoja, kalamu moja. Mtu huyo hakufika kokote kati ya hapo. Alikaa Aleksandria akikusanya maneno ya mabaharia. Lakini alijua kwamba yote mawili yapo. Niliposoma hayo nilikuwa kazini, saa tisa usiku, na nililazimika kusimama nikatembea korido nzima, mpaka mzee wa chumba cha mwisho akaniita kuuliza kama kuna moto.

Rhapta inajulikana pia kwa kitabu cha baharia wa karne ya 1, aliyeandika mwongozo wa biashara ya Bahari ya Shamu na Bahari ya Hindi, Periplo ya Bahari ya Eritrea. Si kitabu kitamu. Kimeandikwa na mtu anayehesabu mizigo. Ndiyo maana nakiamini. Anasema Rhapta kulitoka pembe za ndovu, pembe za faru na magamba ya kasa. Kuliingia mikuki, mashoka, majambia, vyuma vya kutobolea na vyombo vya kioo. Anazitaja mashua zilizoshonwa, kama mitepe ya Lamu iliyoendelea kushonwa mpaka karne zetu. Anasema wafanyabiashara wa Kiarabu kutoka Muza, bandari ya Yemen ya leo, walituma huko manahodha waliozoeana na wenyeji, waliooana nao na waliojua lugha yao. Halafu kuna habari ya mvinyo na ngano: sehemu fulani vilipelekwa kwa wingi, si kwa kuuzwa, bali kujipendekeza kwa wenyeji. Hapo nilicheka peke yangu. Miaka 2,000 iliyopita, mgeni alishajua kwamba pwani huanzi na bei, unaanza na takrima.

Rhapta ilikuwa wapi hasa, wataalamu wanabishana bado. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha 1999 habari za shanga za Kirumi kutoka delta ya Rufiji, na hoja yake ina uzito. Wengine wameelekeza kidole kwingine. Mimi ni mtu wa Tanga, na nitamheshimu Profesa siku zote, lakini moyo wangu uko Pangani, na hakuna shanga itakayoubadilisha.

Leicester haikutuma pembe za ndovu; ilituma watu. Mmoja tunamjua kwa jina lake, la baba yake na la mji wake, kwa sababu cheti chake kilipatikana Porolissum, nchini Romania ya leo. Ni bamba la shaba lililochongwa maandishi. Hati za aina hiyo zilikuwa bamba mbili zilizofungwa pamoja kwa waya na kupigwa mihuri ya mashahidi 7, maandishi ya ndani yakirudiwa nje ili mtu asiweze kughushi bila kuvunja mihuri. Yeye ni Marcus Ulpius Novantico, mwana wa Adcobrovatus, wa Ratae, askari wa kawaida katika kikosi cha Waingereza kilichopigana vita vya Trajan huko Dacia. Hati inahesabu uraia wake tangu mwaka 106, alioupewa kabla ya kumaliza miaka ya utumishi, kwa ushujaa wa kikosi chake. Akachukua jina la kaizari, Marcus Ulpius, akaliweka mbele ya lake. Baba alibaki Adcobrovatus tu.

Mimi pia nina cheti changu cha uraia, nilichokipokea kwenye ukumbi wenye bendera na picha ya malkia, nikaapa pamoja na Wasomali, Wapolandi na daktari mmoja wa Kinigeria aliyekuja na familia nzima. Hawakunitaka nibadilishe jina. Chenyewe ni karatasi, na nimekiweka kwenye sanduku. Huku hakuna mchwa, ila mazoea hayana dawa. Najiuliza kuhusu Novantico kama alirudi. Cheti kimepatikana kule alikopigana, si huku alikozaliwa, kwa hiyo huenda alioa huko, akapewa shamba, akazeeka akiwasimulia watoto wasiojua Ratae ni nini. Najua wanaume kadhaa wa Leicester wenye habari hiyo hiyo, kwa mwelekeo wa kinyume.

Kuna mengine mengi, nayapita haraka. Katika shamba moja huko Ketton, Rutland, mashariki mwa Leicester, mwaka 2020, wakati wa zuio la korona, mwana wa mwenye shamba alitilia shaka vipande alivyoviona matembezini, na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester wakafukua sakafu ya nakshi ya vijiwe, mita 11 kwa karibu 7, yenye vita vya Akile na Hektori, mashujaa wa vita vya Troya: pambano lao kwenye magari ya farasi, maiti ya Hektori ikiburuzwa, na mwisho maiti hiyo ikipimwa kwenye mizani dhidi ya dhahabu ya baba yake. Hiyo mizani haimo katika utenzi wa Homer. Kwake Akile anasema hata akipimiwa dhahabu hakubali. Simulizi nyingine ndizo zilizoiweka. Kwa hiyo tajiri wa mashambani, ukingoni mwa dunia ya Kirumi, karne ya 3 au ya 4, alichagua kukanyaga kila siku kisa chenye zaidi ya toleo moja. Huenda alisoma, huenda fundi alimwonyesha vielelezo akachagua chenye rangi nzuri. Mimi najipa raha ya kuamini la kwanza. Sakafu ilipomaliza kuchunguzwa ilifukiwa tena, ilindwe. Na katikati ya Leicester penyewe kulipatikana mpini wa ufunguo wa shaba, umechongwa mtu akipambana na simba, chini yao vijana uchi wakitazama kwa hofu: adhabu ya kutupiwa wanyama. Simba, Leicester. Mtu alifungua mlango wake kila asubuhi kwa kushika kifo cha mwingine. Kitu hicho sikipendi, ila sikisahau.

Pia kuna kigae kilichokwaruzwa maneno manne: Verecunda mchezaji, Lucius mpiganaji wa uwanjani. Basi. Riwaya nzima imeishia hapo, nami nimeshaitunga mara nyingi nikisubiri basi, kila mara kwa mwisho tofauti.

Lakini nikiulizwa nichague kitu kimoja, nachagua kibati cha madini ya risasi kilichopatikana Vine Street, wakati mji ulipochimbuliwa katika miaka ya 2000 kabla ya kujengwa maduka makubwa ya Highcross. Ni chembamba, cha kijivu, na maandishi yake yamekwaruzwa kwa ncha ya kitu, kwa mwandiko wa haraka wa kila siku, ule ambao hata mjuzi wa Kilatini cha vitabuni hawezi kuusoma bila mazoezi. Aliyeusoma ni Roger Tomlin wa Oxford, ambaye amefanya kazi hiyo kwa vibati vingi vya Uingereza, na nina wivu naye. Ni laana. Mtu ameibiwa. Servandus ameibiwa vazi lake zito la sufi la kujifunika, na katika baridi ya Leicester, ambayo naijua, hilo si jambo la kupuuza. Anamkabidhi mwizi kwa mungu aitwaye Maglus, mungu ambaye hajulikani vizuri kwingine, na anaomba amwangamize kabla ya siku ya tisa. Kisha anafuatisha majina ya washukiwa, 18 au 19: Silvester, Riomandus, Senilis, Venustinus, Vorvena, Felicianus, Germanus, Cunovendus, Regalis na wengineo. Mengine ni ya Kilatini, mengine ni ya Kiselti ya wenyeji, wake kwa waume, na maneno ya mwanzo yanafanya wataalamu wafikiri kwamba hawa walikuwa watumwa wa nyumba moja. Hakuna gavana wala jemadari humo. Kuna watu wanaoshiriki jiko moja na kutazamana kwa jicho la pembeni.

Kibati cha pili, cha nyumba hiyo hiyo, ni cha Sabinianus aliyeibiwa fedha zake. Yeye hana haja ya orodha ndefu: anawataja watatu, Similis, Cupitus na Lochita, na anataka wafe ndani ya siku 7. Yule ana ushahidi. Servandus anabahatisha.

Mtu wa pwani haelezwi mambo haya. Kwetu mtu akiibiwa, kabla ya kwenda polisi, na mara nyingi baada ya kuchoshwa na polisi, hutangaza kwamba atasoma halbadiri. Yanasomwa majina ya watu wa Badri, mwizi anaombewa la kumpata, na siku zinatajwa. Wapo masheikh wanaokataza jambo hilo kabisa, na sitaki kuingia katika ugomvi wao. Ninachojua ni kwamba nguvu yake kubwa iko kwenye tangazo. Nilipokuwa mdogo jirani aliibiwa baiskeli; akapita nyumba hadi nyumba kwa upole, akisalimia, akieleza tu kwamba Alhamisi atasoma. Jumatano alfajiri baiskeli ilikuwa imeegemea mwembe wake, na mtu amekwisha kuifuta vumbi. Servandus, kama alikuwa na akili, hakukwaruza kibati chake kwa siri. Alihakikisha Riomandus anajua, Cunovendus anajua, na jikoni kote wanajua siku zinahesabiwa.

Nilimsimulia mzee wa Jinja habari hizi dukani, mchana ambapo hapakuwa na wateja. Alisikiliza amekunja mikono, akanirudisha nyuma mara mbili kwenye majina. Ameendesha duka miaka zaidi ya hamsini katika mabara mawili, na wizi wa ndani ni elimu aliyoilipia.

"Watu kumi na tisa ni wengi mno," akasema. "Mtu akikutajia watu kumi na tisa, hajui, au anajua na anaficha mmoja."

Nikamwambia huenda mwizi hayumo kabisa kwenye orodha.

"Au huyo Servandus aliweka rehani," akajibu. "Kaweka rehani, kashindwa kukomboa, nyumbani atasema nini? Atasema kaibiwa."

Nikamtetea Servandus. Nikasema mtu hawezi kumwita mungu kwa uongo, siku tisa si mchezo. Akanitazama kama mtu anayetazama noti asiyoiamini, akafungua droo, akatoa kalamu na karatasi ya nyuma ya risiti, akanisogezea.

"Niandikie hayo majina yote," akasema, "na kazi zao kama unazijua. Jioni nikifunga hesabu nitayapitia."